Mama Titulere Hapokei Barua

Watu waliokwenda kuomba kazi kwa Mama Titulere walikuwa wa aina mbili: waliocheka wakabaki, na waliokasirika wakarudi Kasongo kwa pikipiki ile ile iliyowaleta. Mimi nilikasirika. Bahati yangu, pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Titulere, kwetu, ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Daktari yuko mjini, na mvua ikinyesha, mjini kunakuwa mbali sana. Huko vijijini titulere ndiye anayeshika mhuri, ufunguo wa chumba cha dawa na maisha ya watu. Kituo chake kilikuwa na vyumba vitano chini ya paa la bati, kando ya barabara ya kwenda Lusangi, na alikuwa amekiongoza tangu wakati ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri. Jina lake sitalitaja. Hangependa, na isitoshe sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mume wake, mzee mpole aliyelima mpunga nyuma ya kituo, alimwita Titulere, tena kwa heshima kubwa, hasa akiwa na njaa.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na bluzi yake nyeupe ya kazi ilikuwa na mifuko minne. Wa kwanza ulikuwa wa kipimajoto, wa pili wa kalamu, wa tatu wa karanga. Wa nne ulikuwa umefungwa kwa pini na haukuwa na kitu. Nilipomuuliza kwa nini anaubeba mfuko mtupu miaka yote, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto, akasema, "Huu ni wa baadaye."

Sasa niseme kilichonipeleka kwake. Nilikuwa na diplomu ya uuguzi, ile tunayoiita A2, yenye picha yangu nikiwa nimekaza uso, na nilikuwa sina kazi. Mwaka mmoja na nusu nilizunguka na bahasha ya kaki kila mahali palipokuwa na kibao cha hospitali, kituo au zahanati, na kila mahali jibu lilikuwa moja: rudi kesho. Nilirudi kesho nyingi kiasi kwamba wenzangu niliosoma nao walianza kuniita Daktari Bahasha. Wakati huohuo mjomba wangu alikuwa na duka kule Salamabila, anawauzia wachimba dhahabu koleo, tochi na sardini, na alikuwa ameshaniwekea mpaka: mpunga ukivunwa nikiwa bado sina kazi, napanda pikipiki nakwenda kukaa nyuma ya meza yake maisha yangu yote. Mama yangu alikuwa amekubali. Baba alikuwa amekubali. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki. Nilikuwa nikifumba macho hata mchana naona makopo ya sardini yamepangwa mstari, yananisubiri.

Basi nilipofika kwa Mama Titulere nilimkabidhi bahasha kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Aliipokea, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akaanza kujipepea nayo.

"Asante, mwanangu," akasema. "Leo joto iko mingi."

"Mama, hiyo ni barua ya kuomba kazi."

"Naona. Karatasi muzuri, ngumu." Akaendelea kujipepea. "Weye A2?"

"Ndiyo, Mama."

"Miye A3. Unajua A3?"

Nilijua. Ni diplomu ya zamani, ya chini, ambayo shule ziliacha kuitoa zamani. Nilikuwa nimeisoma kwenye historia ya uuguzi. Sikumwambia hivyo.

"Sasa weye A2 unaniomba miye A3 kazi?"

Sikuelewa kama ni swali au ni mtego. Nikajibu ndiyo kwa sauti ndogo, na akina mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao wakaanza kutabasamu, kwa sababu wao walijua kinachofuata.

"Bon," akasema Mama Titulere. "Nenda kakamate kuku mumoja pale inje. Uniletee, umupime kilo."

Kwenye boriti ya baraza ilining'inia mizani ya kupimia watoto, ile ya saa ya duara, na chini yake kile kisuruali cha kitambaa chenye matundu mawili ya miguu. Kuku walikuwa wamejaa uani. Nilikimbizana nao huku nimevaa suruali yangu ya kuombea kazi, nikamkamata jike mwekundu, nikafanya anachofanya kila mtu aliyezaliwa kwetu akimkamata kuku: nikachuna kamba ya mgomba, nikamfunga miguu, nikamning'iniza kichwa chini. Hivyo ndivyo kuku wanavyosafiri kwetu. Hivyo ndivyo wanavyokwenda sokoni, harusini na kwa wakwe. Nikamtia kwenye kisuruali, nikajinyoosha kusoma kilo.

"Uwiii!" Mama Titulere akashika kichwa. "Mutoto wangu! Amemufunga mutoto wangu miguu!"

"Mama, ni kuku."

"Kuku gani? Pale pa mizani hakuna kuku! Pale iko mutoto, na mama yake ni miye, nimekaa hapa, ninakuangalia unamufunga na kamba ya mugomba!"

Benchi zima likadakia. Mama mmoja akamkabidhi jirani mtoto wake ili apate mikono ya kulilia. Mwingine akaniuliza kama na mimi nilipozaliwa nilifungwa miguu. Mwisho wake mimi, mwenye diplomu yenye mhuri, nilijikuta nimepiga goti mbele ya mizani nikimwomba kuku msamaha, na Mama Titulere akiniambia niombe kwa sauti, mtoto ana wasiwasi.

Walipokwisha kucheka, ndipo aliponieleza, polepole, bila mzaha hata kidogo. Mtoto mzima hurusha miguu, akasema. Ukimfunga au ukimbana atulie, utapata kilo zake lakini hutajua kama ana nguvu, na mama yake hatakuletea tena. Kisha akanirudishia bahasha yangu, imelegea kwa upepo, akaniambia nijaribu tena kesho.

Kesho! Neno lile lile. Nikatoka nje kwa hasira, na hapo ndipo nilipokuta pikipiki imekwenda. Nilipogeuka, mzee wa Titulere alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali na sombe, yaani majani ya mihogo, ananiita nile kwanza. Kesho ya wengine ilikuwa ya kufukuzia mtu. Kesho yake ilikuja na chakula na mkeka wa kulalia.

Nilimpima kuku yule siku sita. Alinijua, akanichukia, akanizoea. Siku ya sita nilimshika kwa kiganja chini ya kifua, nikamsemesha maneno ya kipumbavu, akaingia kwenye kisuruali akatoa miguu yake miwili kwenye matundu, akaitupatupa, akanitazama. Kilo moja na gramu mia nane. Benchi likapiga vigelegele, na mimi nikapiga pia, peke yangu, sekunde nyingi baada ya wenzangu kunyamaza.

Si wote waliovumilia. Alikuja A1 mmoja, diplomu ya juu kuliko yangu, kijana wa chuo, viatu vya ncha, akasema hakusomea kuku. Mama Titulere akamwambia, "Na miye sikusomea weye, lakini nimekukaribisha." Kijana akatafuta dereva wake. Alipotoka tulimwona Mama Titulere akimfuata mpaka barabarani kumpa chupa ya maji, maana jua lilikuwa kali, akirudi analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kubeba maji. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anaweza kukufukuza na kukusindikiza kwa wakati mmoja.

Ukutani aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: HAPA HAPAPOKEWI ZAWADI YA KUKU. Na uani kwake kulikuwa na kuku mpaka mgeni alilazimika kutazama anapokanyaga. Mkaguzi mmoja kutoka biro ya zoni, yaani ofisi ya afya inayotusimamia sote, aliwahi kumuuliza juu ya jambo hilo huku akiuonyesha ukuta kwa kidole. Mama Titulere hakutikisika. "Papa, hawa si zawadi," akasema. "Hawa ni personeli. Wanafanya kazi." Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo ningependa kujua aliandika nini.

Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, sauti ya pili, lakini kila mwezi wa Ramadhani alitangaza kwamba anafunga pamoja na wagonjwa wake Waislamu. Na alifunga kweli, mpaka kama saa nne asubuhi. Baada ya hapo tulimsikia kwenye chumba cha dawa anatafuna karanga taratibu, moja moja, na sisi sote pale nje, pamoja na mashehe waliofunga kwelikweli, tulianza kuongea kwa sauti kubwa juu ya hali ya barabara ili asije akajua kwamba anasikika. Hakuna aliyewahi kumsaliti.

Na kulikuwa na suala la sindano. Nchi nzima ile, kutoka kwetu mpaka mpakani mwa Kabambare, hakuna mkono ambao hakuuchoma. Aliwachoma watoto, akaja akawachoma watoto wa watoto hao. Alichoma kwa wepesi kiasi kwamba mtu alikuwa bado anajiandaa kulia wakati kazi imekwisha. Lakini ilipoamriwa kwamba wauguzi nao wachanjwe, na timu ikaja na gari, Mama Titulere hakuonekana. Tulimtafuta chumba kwa chumba. Mzee wake ndiye aliyetuonyesha kwa kidevu: mkewe alikuwa katikati ya mpunga, amechuchumaa, kitambaa cheupe cha kichwa kinaonekana juu ya masuke.

"Miye ninachoma!" alipiga kelele kutoka shambani. "Sichomwi!"

Ilibidi nimfuate mimi na sindano. Nilimsemesha kwa sauti ya chini, nikamwahidi kwamba haitauma, jambo ambalo yeye mwenyewe alitukataza kumwahidi mgonjwa. Akafumba macho, akanishika mkono wa pili, akabana vidole vyangu mpaka nikaona nyota. Alipofungua macho alisema nimechoma vibaya.

Wachimba dhahabu kutoka Salamabila walimwogopa na kumpenda. Wao hupenda kutundikiwa maji ya dripu ili wapate nguvu, hata wakiwa wazima. Alikuja mmoja, kifua wazi, jino la dhahabu, akaamuru atundikiwe. Mama Titulere alimpima kila kinachopimika, akaona kwamba mtu ni mzima kama nguzo. Akamchanganyia maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, akamkalisha kwenye benchi la akina mama, akamwambia dawa hiyo haifanyi kazi mpaka uinywe ukiwa umepakata mtoto. Yule bwana alikaa asubuhi nzima, anapokezana watoto wa watu, anawaimbia. Mwezi uliofuata alirudi akaomba dawa ile ile.

Nilikaa kwake nikifagia, nikipima joto, nikiandika rejista, na kila juma nikisikia mjomba amepiga simu kuulizia mpunga umefikia wapi. Kituo kinaruhusiwa kumpokea mtu wa kusaidia, kamati ya kijiji ikikubali, lakini hiyo si kazi yenye jina lako. Kazi ya kweli ni jina kwenye orodha ya zoni, na barua yenye mhuri inayosema wewe ni muuguzi wa mahali fulani. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Mpunga ulikuwa unaanza kugeuka rangi.

Njia yake ya kuwatafutia watu kazi hakuwa nayo mtu mwingine, na mpaka leo nikiifikiria nacheka peke yangu. Kituo chake kilikuwa na friji ya nguvu ya jua, na vituo vidogo vya huko ndani havikuwa nayo, kwa hiyo chanjo za vituo hivyo zilikaa kwake. Kila kituo kilitakiwa kumtuma mtu kuja kuzichukua. Mama Titulere alikuwa hangoji mtu. Alichunguza ni kituo gani kina wauguzi wachache, kisha akampakia mtafuta kazi wake sanduku la barafu lenye chanjo, akampandisha kwenye kinga, yaani baiskeli, akamwambia pedali.

"Mutu wa barua wanamwambia rudi kesho," alinieleza asubuhi ya zamu yangu, akifunga sanduku kwa mpira nyuma ya baiskeli. "Mutu wa chanjo watamwambia rudi kesho namna gani? Barafu itangojea kesho?"

"Nikifika niseme nini, Mama?"

"Usiseme unatafuta kazi. Ukisema hivyo nitasikia mupaka huku. Sema barafu inayeyuka."

Nilipedali nikapita Lusangi, nikaingia upande wa Kabambare, mashamba ya mihogo kushoto na kulia, watoto wananikimbilia wakiita "Munganga! Munganga!", jina tunalomwita mtu yeyote wa dawa. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kabla. Nilikaribia kuanguka kwa furaha, na nusura niende na chanjo zote mtaroni.

Kituo kile kilikuwa na titulere mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Uani walikaa akina mama kama arobaini na watoto wao, wamekuja kwa ajili ya chanjo, na yeye alikuwa peke yake.

"Weye ni nani?" akaniuliza.

"Barafu inayeyuka, Papa."

Hakuuliza tena. Tulianza papo hapo. Nilipima kilo, nikajaza kadi, nikachoma, nikabembeleza, nikachoma tena. Watoto walirusha miguu kwenye mizani na mimi niliwaacha warushe. Jua lilipopita katikati, mama wa mwisho akafunga mtoto wake mgongoni akaenda, na titulere akakaa kizingitini, akafuta jasho, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Kesho unafika saa ngapi?" akaniuliza.

Nilimjibu kwa adabu kwamba saa moja. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya choo, nikacheza. Nilicheza ngoma za Kibangubangu, nikacheza za kanisani, nikacheza ambazo hazina jina, peke yangu, mbele ya mbuzi mmoja. Juma hilohilo kwetu walianza kuvuna mpunga, na mama yangu akampigia mjomba simu kumwambia atafute mtu mwingine wa sardini.

Lakini kazi ile haikuwa yangu. Nilikuwa nimeshika nafasi ya muuguzi aliyekwenda masomoni, na kila mtu alijua siku atakayorudi mimi natoka. Miaka miwili niliishi hivyo, munganga mchana kutwa, na kila gari la zoni likisimama moyo unasimama nalo. Mjomba hakuacha kunisalimia kwa simu na kumaliza na maneno yale yale: "Meza iko palepale, mwanangu." Nilikuwa nampenda mjomba, lakini meza ile niliichukia.

Kila mwezi nilipokwenda kuchukua chanjo nilimkuta Mama Titulere na mtafuta kazi mpya anakimbizana na kuku. Alinipa karanga, akaniuliza kama nimepata jina kwenye orodha. Nikisema bado, alikasirika kuliko mimi. Aliapa ataenda biro mwenyewe. Nilidhani ni maneno tu, mpaka karani mmoja aliponiambia kwamba yule mama alikuwa ameshafika mara tatu, na mara ya tatu aliketi kwenye kiti cha karani akakataa kuondoka mpaka amwone anaandika jina langu kwa wino.

Barua ilifika siku ya soko. Niliifungua nikiwa nimesimama kati ya wauza mawese. Jina langu, limechapwa, lote, hata lile la ubatizo. Muuguzi titulere. Mhuri. Nilipiga ukelele ambao uliwafanya akina mama waniulize nani amefariki. Nikamkumbatia muuza mawese nikachafua shati. Kisha nikasoma mstari wa chini, jina la kituo.

Kilikuwa kituo chake.

Amri mpya, barua ilisema, inataka titulere awe A2 kwenda juu. Mwenye A3 apumzike kwa heshima. Nilikaa chini pale pale sokoni. Nilitafuta kazi kwa nguvu zote, na kazi iliyokuja ilikuwa yake, tena yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kukaa kwenye kiti cha karani ili jina langu liandikwe. Nilimpigia simu, ikawa imezimwa. Nilimpigia mama yangu nikamwambia nitairudisha barua. Mama yangu akasema, "Kwanza nenda ukamwone usoni. Kisha uje useme hayo." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nilifika Jumatatu asubuhi, bluzi yangu iko mkononi kwa sababu nilishindwa kuivaa. Benchi lilikuwa na watu. Wa nne kwenye mstari alikuwa yeye, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba magotini.

"Mama!" nikasema. "Ingia ndani, tafadhali."

"Hapana. Zamu yangu haiyafika," akajibu, akatazama mbele. "Vaa bluzi. Watu wanangoja."

Nikavaa. Niliwahudumia watatu wa kwanza mlango ukiwa wazi, na yeye ameketi pale nje anasikiliza kila neno. Chuoni nilifanya mitihani mingi. Hakuna uliowahi kunitoa jasho namna ile. Nilirudia kuhesabu pumzi za mtoto mmoja mara tatu. Wa tatu alipotoka, Mama Titulere aliinuka, akaingia, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Unaumwa nini, Mama?" nikauliza.

"Siumwi. Natafuta kazi."

Nikaanza kulia. Nasema wazi, nililia, titulere mzima, mezani.

"Mama, nitairudisha ile barua. Kiti hiki ni chako."

"Urudishe, wamutume mutu miye simujui?" Akapiga meza kwa kiganja. "Weye ulitaka kazi, umepata. Nimefurahi, nimecheza, uliza muzee. Sasa miye ndiye sina. Nimekaa siku nne na muzee mu shamba. Siku nne! Mupunga haulii, haukohoi, hauna homa. Nitaufanya nini?"

Nikacheka huku nalia, na yeye akaanza kucheka, kisha akaacha, na nikaona macho yake. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kweli, kama nilivyoogopa mimi mwaka mmoja na nusu na bahasha yangu. Alikuwa amekuja kuomba, na hakujua nitamjibu nini.

Hapo hapo pikipiki ikaingia uani kwa kishindo. Nyuma ya dereva, kati yake na mama mkwe aliyemshika kiunoni, alikuwa mwanamke mwenye mimba, ameuma ncha ya kitenge, na maji yalikuwa yameshamtoka. Watu wote kwenye benchi wakasimama. Nikasimama na mimi. Mama Titulere peke yake hakusimama. Mtu aliyezalisha nusu ya watu waliokuwa pale uani alibaki ameketi kwenye kiti cha mgonjwa, mikono magotini, amenikazia macho, anasubiri.

"Mama," nikamwambia, "osha mikono."

Alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza.

"Ndiyo, Titulere," akasema, akatangulia kwenye chumba cha kuzalishia, na mimi nikamfuata.